Ndoto Mbaya Ilikujia Saa Ngapi? Maswali Yenu Kuhusu Majinamizi

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza maana: nimeota nyoka, nimeota meno, nimeota nimekabwa, maana yake nini? Tutafika huko. Lakini kabla ya maana kuna swali ambalo wengi hawajiulizi, nalo ndilo linalotufungulia mlango: ilikuwa saa ngapi?

Usiku wa mtu mzima hupita kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Mizunguko ya mwanzo hutawaliwa na usingizi mzito. Kadiri alfajiri inavyokaribia, usingizi wa ndoto hurefuka, ule ambao macho huchezacheza upesi chini ya kope na ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliuandikia mwaka 1953. Kwa hiyo kelele za saa nne usiku na kelele za saa kumi alfajiri, hata kama zote zina jasho na moyo kwenda mbio, kwa kawaida ni mambo mawili tofauti, na tiba zake hazifanani. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Mwanangu ana miaka mitano. Analala saa mbili na nusu, na karibu saa nne usiku anakurupuka, anapiga mayowe, macho yako wazi lakini hanitambui. Nikimshika ananisukuma. Asubuhi hakumbuki kitu. Majirani wananiambia anachezewa na wachawi. — Mama, Morogoro

Mama, saa uliyoitaja inatosha kuanzia. Saa moja na nusu baada ya kulala, mtoto yuko kwenye usingizi wa pono. Ubongo unapojaribu kutoka kwenye kina hicho, mara nyingine huamka nusu: sehemu ya kukimbia na kupiga kelele imeamka, sehemu inayomtambua mama na kuweka kumbukumbu bado imelala. Ndiyo maana macho yako wazi lakini hakuoni, na asubuhi hana cha kusimulia. Hii haihesabiwi kuwa ndoto mbaya. Ni hofu ya usiku. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12, hutembea kwenye familia (muulize bibi yake kuhusu utoto wa baba yake), na wengi huiacha wenyewe wakikua.

Inapotokea, usimtikise, usimwagie maji, usimpigie kelele aamke. Kumlazimisha kuamka hurefusha tukio, na kumbana kifuani humfanya apigane zaidi. Kaa karibu, sogeza chochote kinachoweza kumuumiza, angalia asinaswe kwenye chandarua wala asielekee mlangoni, kisha subiri. Kwa kawaida ni dakika chache, mara chache hupita kumi, halafu hurudi kulala kama hakuna lililotokea. Asubuhi msimhoji wala msimcheke, hasa mbele ya kaka zake. Mtoto anayeogopa kulala atalala kidogo, na usingizi pungufu ndiyo chachu kuu ya hofu hizi.

Kwa siku saba andika saa aliyolala na saa alipokurupuka. Ukiona saa haibadiliki sana, tuseme ni saa nne, basi kila usiku mwamshe taratibu saa nne kasorobo: mguse bega, mwite jina, mpaka afungue macho au anung'unike kitu, kisha mwache alale. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili hadi nne, bila kuruka. Wazazi wengi huacha baada ya siku tatu kwa kuwa mtoto ametulia, na hofu inarudi. Sambamba na hilo, mlaze nusu saa mapema zaidi. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Akojoe kabla ya kulala. Kama anakoroma kila usiku au analala mdomo wazi, apimwe mafindofindo, maana njia ya hewa iliyobanwa humwamsha nusu nusu usiku kucha.

Nenda hospitali mapema zaidi ukiona mkono au mguu mmoja unarukaruka kwa mpigo uleule, mwili unakakamaa, udenda unatoka, au matukio yanakuja mara kadhaa kwa usiku mmoja na kwa saa zozote. Hapo daktari atataka kuondoa uwezekano wa kifafa. Akiwa na homa kali, ni degedege na malaria zinazotakiwa kuangaliwa, usiku huohuo. Mrekodi kwa simu. Video ya dakika moja humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Na akikuamsha saa kumi alfajiri akilia, akakutambua, akakueleza kwamba kuna fisi chini ya kitanda, hiyo sasa ndiyo ndoto mbaya. Huyo mkumbatie.

Nipo chuo mwaka wa pili. Naamka, naona chumba chote, lakini siwezi kujigeuza wala kuita, na kuna kitu kizito kimenikalia kifuani. Mara moja niliona kivuli mlangoni. Mwenzangu wa chumbani anasema ni popobawa. — Msomaji, Zanzibar

Kijana wetu, uliyoyaona ni ya kweli kwa maana kwamba hukuyatunga. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo hufunga misuli karibu yote ili usiigize unachokiota. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa. Macho yanaona chumba, ndoto haijaisha, mwili hautii. Misuli ya kifua inayosaidia kuvuta pumzi ndefu nayo imefungwa, hivyo ukitaka kuvuta hewa kwa nguvu unahisi umekaliwa. Kiwambo, yaani msuli mkubwa chini ya mapafu, kinaendelea kufanya kazi, na ndiyo sababu jinamizi halimalizi pumzi ya mtu hata likionekana hivyo. Huchukua sekunde kadhaa hadi dakika chache. Kivuli kinatokana na sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, mlinzi wa hatari, ambayo katika usingizi wa ndoto huwa macho kuliko mchana: inapiga king'ora, na ubongo unatafuta nani wa kumsingizia.

Nani huyo, hutegemea ulipozaliwa. Newfoundland, Kanada, ni ajuza aliyekukalia. Pemba mwaka 1995 alikuwa popobawa, na hofu yake ilivuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Watu wakawa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, zamu za kulinda zimepangwa. Mtu anaweza kuamini au kutoamini, lakini angalia usiku wa namna hiyo unavyomfanyia mwili: kulala vipande vipande, kwa wasiwasi, saa zilizovurugika. Hiyo ndiyo hali inayozaa kukabwa. Hofu ililisha tukio, tukio likalisha hofu.

Kwako wewe tunashuku mambo matatu: kukesha ukisoma, kulala mchana kufidia, na kulala chali. Lala na kuamka saa zilezile hata Jumapili, usiku usipungue saa saba. Lala ubavu; kama unajigeuza bila kujua, shona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu, tia mpira wa tenisi au soksi iliyokunjwa. Likikushika, usipambane kuketi, kwa sababu misuli mikubwa ndiyo iliyofungwa zaidi na kushindwa kwake kunaongeza hofu. Chezesha ncha ya ulimi, kidole gumba cha mguu, macho. Pumua kwa kawaida, usitafute pumzi ndefu. Mwambie mwenzako akikuona macho wazi na pumzi za haraka akuguse tu. Mguso mara nyingi hukata. Ukishatoka, simama dakika tano kabla ya kurudi kitandani, maana anayerudi kulala papo hapo, chali vilevile, mara nyingi hukabwa tena.

Kama pamoja na hayo unasinzia ghafla mchana darasani, au magoti yanalegea ukicheka sana, mweleze daktari mambo yote mawili. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa usingizi uitwao narkolepsi, na una dawa.

Je, ni kweli kula ugali usiku kunaleta majinamizi? — Msomaji, Iringa

Ugali hauna kosa. Kulala tumbo likiwa limejaa ndiko kunaleta kiungulia, kiungulia kinakuamsha katikati ya ndoto, na ndoto uliyoamshwa ndani yake ndiyo unayoikumbuka. Acha saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda.

Mwaka jana nilipata ajali ya bodaboda. Mguu umepona. Lakini mara tatu nne kwa wiki naota lori lilelile linakuja, naamka kabla halijanigonga, na silali tena mpaka asubuhi. Nimekuwa nikinunua Valium duka la dawa. — Msomaji, Mbeya

Pole sana ndugu yetu. Tuanze na Valium: iache, lakini usiikate ghafla kama umeimeza kila siku kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili uliozoea ukikatiwa ghafla unaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata kupata kifafa. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Dawa hiyo hukulaza, haiondoi ndoto ya ajali, na uzoefu wake ni mgumu kuuvunja. Hata prazosin, dawa ya presha iliyokuwa tegemeo la wanajeshi wa Marekani wenye ndoto za vita, ilipopimwa kwenye jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2018 haikuishinda dawa bandia, ingawa madaktari wengine bado huitumia kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Kitu chenye ushahidi mzuri zaidi hakina kidonge: ni kuiandika ndoto upya. Barry Krakow na wenzake walikijaribu New Mexico kwa wanawake 168 walionusurika kushambuliwa kingono na kubaki na majinamizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: vikao 3 tu vilitosha kupunguza ndoto mbaya na kuboresha usingizi. Mantiki yake ni kwamba jinamizi linalojirudia limekuwa njia iliyokanyagwa, na njia nyingine inaweza kukanyagwa mchana, ukiwa macho.

Nunua daftari la peke yake. Usianze na ndoto ya lori. Anza na ndoto mbaya ndogo, ile unayoipa alama nne au tano kwa kumi. Iandike kwa wakati uliopo, nusu ukurasa, pamoja na ulichokiona na ulichohisi. Kisha ibadilishe utakavyo, popote utakapo. Hakuna sheria kwamba iwe jambo linalowezekana. Andika ndoto mpya nzima, mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo karatasi ya ndoto ya zamani weka kando. Kila siku, dakika 10 hadi 20, keti kwenye kiti, fumba macho, uipitie ndoto mpya kama unaitazama: rangi, sauti, harufu, mikono yako inafanya nini. Ndoto mbili kwa wiki zinatosha, si zaidi. Ukishazoea, ndipo uende kwenye ya lori.

Ukurasa wako unaweza kuonekana hivi.

*Ya zamani:* Niko barabarani kwenye mteremko, jua la jioni liko usoni. Lori linatokea kwenye kona, limekula upande wangu. Breki haishiki. Naona taa moja, nyingine imevunjika. Nashindwa kupiga kelele.

*Mpya:* Niko kwenye mteremko uleule. Kabla ya kona napunguza gia, naingia pembeni kwenye banda la mahindi ya kuchoma. Nazima pikipiki. Lori linapita, nasikia upepo wake, vumbi linatua. Mama muuza mahindi ananipa la moto, nalishika kwa gazeti. Nasubiri barabara iwe kimya, kisha nasukuma pikipiki kwa miguu.

Umeona? Lori hatukulilipua. Wengi hukimbilia kuandika ndoto ambamo wanalipiza, na kwa baadhi yao moyo unabaki kwenye mapigano yaleyale. Kosa jingine, na hili ndilo tunaloliona mara nyingi, ni mtu kusoma tena ile ya zamani kila siku "ili asiisahau": huyo anafanyia mazoezi jinamizi. La tatu ni kufanya zoezi kitandani usiku, wakati mchana ndiyo mahali pake. La nne ni haraka. Wengine huona nafuu ndani ya wiki mbili tatu, wengine miezi. Na dalili ya kwanza si kwamba ndoto imekoma. Mara nyingi inaanza kuvurugika, lori linageuka basi, kona inahama. Hiyo ni habari njema, endelea.

Kama ukianza kuandika mwili unatetemeka, unarudi barabarani ukiwa macho, au mchana unaruka kila ukisikia honi, usifanye peke yako. Omba rufaa kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, umwone mwanasaikolojia. Na kwa msomaji yeyote: majinamizi ya mara kwa mara yakiambatana na mawazo ya kujiua, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Kwetu Waislamu tumefundishwa ndoto mbaya isisimuliwe. Sasa nikienda kwa daktari nimweleze nini? — Dada, Mombasa

Dada, mafundisho unayoyataja yamo kwenye hadithi sahihi: aliyeota vibaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, atemee kushoto mara tatu kwa pumzi nyepesi, ageukie ubavu mwingine, asimsimulie mtu. Hukumu ya kumweleza tabibu mwulize shekhe wako; si kazi yetu. Tunachoweza kusema ni kwamba daktari mzuri hahitaji kisa. Mpe saa, mara ngapi kwa wiki, imeanza lini, ukiamka unatambua mara moja uko wapi au la, unatumia dawa gani, unakoroma au hukoromi, mchana unakuwaje. Ukitaka kuandika upya kama tulivyomweleza ndugu wa Mbeya, daftari ni lako, na karatasi unaweza kuichoma. Nyuradi za kulalia endelea nazo. Jambo linalofanywa kila usiku kwa mpangilio uleule, taa chini, simu mbali, linasaidia usingizi hata kwa kipimo cha madaktari. Na huko kugeuka ubavu, kwa mtu aliyekabwa akiwa chali, ni ushauri ambao tungeutoa hata sisi.

Tangu niandikiwe propranolol kwa kipandauso, naota nafukuzwa karibu kila usiku. Mdogo wangu anayetumia TLD, dawa ya VVU, naye analalamika hivyohivyo. Ni dawa au ni mawazo? — Msomaji, Kisumu

Chora mstari kwenye karatasi. Weka tarehe ya kidonge cha kwanza, tarehe dozi ilipopandishwa, na tarehe ndoto zilipoanza. Ndoto zikifuata kidonge kwa siku au wiki chache, dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zikiwa zilikuwepo kabla, tafuta kwingine.

Propranolol na metoprolol huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya kwa urahisi hadi kwenye ubongo, na ndoto kali ni lalamiko linalojulikana. Atenolol, ya ukoo huohuo, hupenya kidogo. Daktari anaweza kukubadilishia au kupanga upya saa za kumeza. Usiache mwenyewe kwa siku moja: moyo ulioshikiliwa na dawa hizi ukiachiwa ghafla huenda mbio, presha hupanda, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu ya kifua.

Mdogo wako asikose hata kidonge kimoja. Ndani ya TLD kuna dolutegravir, ambayo kwa baadhi ya watu huvuruga usingizi. Mara nyingi dawa ya tatizo ni kuhamisha saa, kutoka usiku kwenda asubuhi. Awaulize kliniki yake, kisha siku ya kuhama ameze asubuhi inayofuata, saa 12 baada ya ile ya usiku, asisubiri mpaka saa 36 zipite. Kwa wale wachache ambao bado wanatumia efavirenz, dawa nyingine ya VVU, hiyo ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa ndoto. Imezwe wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula chenye mafuta huongeza kiasi kinachoingia mwilini na ndoto nazo zinazidi. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki nne. Kuna ambao miili yao huivunja polepole kwa kurithi, hali iliyo ya kawaida zaidi kwetu Waafrika, na kwao haitulii. Hao wadai kubadilishiwa.

Mtoto wa pumu anayetumia montelukast akianza kuota vibaya au kubadilika tabia, mrudisheni kwa daktari. Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2020 kwa sababu hiyo. Na ndugu zetu wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanaokuja likizo wakiwa na mefloquine ya kukinga malaria, kidonge kimoja kwa wiki: onyo lake ni la 2013, na ndoto za kutisha ni dalili ya kumpigia daktari akupe kinga nyingine kabla ya kidonge kinachofuata.

Pombe iko kwenye orodha hii pia, ila kwa njia ya kuzunguka. Nusu ya kwanza ya usiku inakandamiza usingizi wa ndoto, nusu ya pili ikishaisha damuni ndoto zinarudi kwa fujo. Anayeacha bangi baada ya miaka hupata kitu kama hicho kwa wiki kadhaa, akadhani amerogwa kwa kuacha.

Nafanya kazi za ndani Muscat. Siku za kazi nalala kwa muda wa saa nne tu na sioti kitu. Siku ya mapumziko nikilala mpaka mchana naota vifo vya nyumbani tu. — Dada yenu

Dada, usingizi wa ndoto ni deni. Ukilala kwa muda wa saa nne kila siku, kinachokatwa ni mwisho wa usiku, na ndoto nyingi ziko huko. Siku ubongo unapopata nafasi, unalipa deni lote mara moja: ndoto ndefu, nzito, zenye hisia kali. Na kwa kuwa mawazo ya mchana ni nyumbani, ndoto zinachota huko. Si ujumbe kwamba kuna aliyefariki. Piga simu kwa ajili ya roho yako, usipige kwa sababu ya ndoto. Siku ya mapumziko usilale mpaka mchana kwa mkupuo: ongeza saa mbili alfajiri, kisha lala kidogo baada ya adhuhuri. Na siku za kazi, hata nusu saa ya mchana ukiipata, ichukue. Saa nne hazimtoshi mtu yeyote, na hilo ni la kuzungumza na mwajiri au na wakala aliyekupeleka, si la kuvumilia kimya.

Nimeota meno yangu yote yanadondoka mkononi. Mama mkwe anasema ni msiba wa mtu wa karibu. — Msomaji, Tanga

Tuliahidi kufika kwenye maana. Ndoto ya meno huotwa na watu wa mataifa mengi, na mwaka 2018 watafiti wawili wa Israeli waliichunguza. Ndoto hiyo ilienda pamoja na kuamka ukiwa na mkazo wa meno, fizi au taya, wala haikuenda pamoja na msongo wa mawazo. Ukiamka kesho, bonyeza misuli ya taya chini ya masikio. Ikiuma, au kichwa kinauma pande mbili asubuhi, au mume anasikia ukisaga meno, mwone daktari wa meno.

Kuhusu msiba, mama mkwe tunamheshimu, lakini ukoo wa watu sitini una msiba au mgonjwa kila mwaka. Aliyeota meno na msiba ukatokea anasimulia miaka ishirini. Aliyeota na kusitokee kitu amesahau kufikia Ijumaa.

Hatusemi ndoto ni takataka. Zinabeba wasiwasi wa mwotaji, na kwa hilo zinafaa kusikilizwa. Ila ukitaka kusoma ndoto, acha kitu ushike hisia. Usiulize nyoka ni nani. Uliza: hisia niliyoamka nayo, ya kukwama, ya aibu, ya kuchelewa, mchana huu naipata wapi? Jibu kwa kawaida linakuja upesi na halipendezi. Wala ndoto ya kushindwa haitabiri kushindwa. Paris waliwauliza wanafunzi waliofanya mtihani wa kuingia udaktari kuhusu ndoto zao. Wengi walikuwa wameuota mtihani ukiharibika, wamechelewa, wamesahau majibu. Walioota ndio waliofanya vizuri zaidi, kwa mujibu wa utafiti huo wa 2014. Huenda ni kwa sababu waliojali sana ndio walioota.

Baba yetu ana miaka 66. Karibu alfajiri anapiga ngumi na mateke, mara mbili amempiga mama, mara moja ameanguka kitandani. Akiamshwa anasema alikuwa anapambana na mwizi. Mchana ni mpole kabisa. — Watoto, Arusha

Barua hii tungependa isisubiri. Kumbukeni lile kufuli la misuli tulilomweleza kijana wa Zanzibar: kwake linachelewa kufunguka, kwa baba yenu halifungi. Anaigiza ndoto yake. Hali hii ilielezwa Minnesota mwaka 1986, na huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Mara nyingine huletwa na dawa za sonona, na mara nyingine mtu anayekabwa na njia ya hewa usingizini huonekana hivihivi, kwa hiyo mseme kama anakoroma na kunyamaza ghafla. Lakini kuna sababu ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu hata kama mnaweza kuvumilia: kwa wengi wenye hali hii ambao sababu nyingine haikupatikana, ugonjwa wa Parkinson au aina fulani ya kupoteza kumbukumbu hujitokeza baadaye, pengine baada ya miaka kumi na zaidi. Angalieni kama ameacha kusikia harufu ya chakula, kama anafunga choo, kama mwandiko umekuwa mdogo, kama mkono mmoja hautikisiki akitembea.

Daktari anaweza kumpa melatonin au klonazepamu kwa kipimo kidogo, ya pili kwa tahadhari kubwa kama ana tatizo la pumzi au hutembea kwa kuyumba. Huku mkisubiri miadi, godoro lishuke chini, stuli na taa ya kioo zitoke karibu, mama alale kitanda kingine. Na lile panga ambalo wazee wengi huliweka uvunguni kwa ajili ya wezi liondoke leo. Siku ya hospitali mama aende pia. Baba hajui anachofanya saa kumi alfajiri. Aliyeshuhudia ni yeye.